Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: kabla kiwanja hakijatolewa, tuambieni ni lita ngapi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: MAJI YETU NA VITUO VYA DATA VYA AKILI MNEMBA

Pokea salamu kutoka mwaloni, ufukweni tunaposhushia samaki. Mimi ni mfugaji wa samaki wa vizimba hapa Ilemela, nikiwa na wenzangu wanane katika kikundi. Barua hii nimeiandika wazi kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi.

Sijasikia kwamba kuna kiwanja kilichotolewa Mwanza kwa ajili ya kituo kikubwa cha data, na ndiyo maana naandika leo. Kiwanja kikishatolewa, mwananchi huitwa mkutanoni kupiga makofi. Mwezi Mei 2024 Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Falme za Kiarabu, walitangaza mpango wa kituo cha namna hiyo kule Olkaria, Kenya, kwa dola bilioni moja, kianze na megawati 100 na baadaye kifike 1,000. Kwa hiyo habari hizi si za ng'ambo tena. Mtu akiifungua ramani ya Afrika Mashariki akitafuta mahali penye maji, hawezi kuiruka Mwanza.

Kituo cha data ni ghala la kompyuta, maelfu kwa maelfu, zinazofanya kazi usiku na mchana, na zile za akili mnemba zinachemka kuliko za kawaida. Joto hilo lazima litolewe. Njia iliyozoeleka ni kuyageuza maji yawe mvuke, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Maji yakishapaa, bomba limeyapoteza. Yanayobaki yanazidi kuwa na chumvi, pamoja na dawa za kuzuia kutu na ukoko, nayo hayo lazima yamwagwe mahali.

Najua jibu la haraka: ziwa hili lina kilomita za mraba 68,800, nani atalimaliza? Ni kweli, halitaisha, na sitaki kumtisha mtu kwa hilo. Lakini mitambo hii haipendi maji ya ziwa jinsi yalivyo, yenye tope na mwani. Mara nyingi inataka yaliyokwisha kusafishwa, maji ya bomba, yale yale tunayoyagombania. Mwaka 2023 ukame ulipowafanya watu wa Montevideo, Uruguay, kupata maji ya chumvi mabombani, ilibainika kwamba kituo ambacho Google ilipanga kujenga Canelones kingehitaji lita milioni 7.6 kwa siku. Nimepiga hesabu kwa kipimo chetu: ni madumu 380,000 ya lita ishirini, kila siku ya Mungu. Chanzo chetu kipya cha Butimba kimejengwa kutoa lita milioni 48 kwa siku. Mteja mmoja wa namna hiyo angebeba karibu sehemu moja ya sita.

Dada yangu anaishi Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Bomba lake hutoa maji usiku wa manane, na si kila usiku. Huamka saa nane, akaweka kiganja mdomoni mwa bomba. Likianza kupuliza upepo anajua maji yako njiani, anawaamsha watoto wapange madumu. Kuna usiku linapuliza tu mpaka adhana ya alfajiri. Mheshimiwa, kabla hatujamwahidi mgeni maji saa ishirini na nne, naomba mtu mmoja kutoka ofisini kwako akalale kwa dada yangu siku tatu.

Jambo la pili nimeliona kwa macho yangu. Asubuhi moja, kabla ya saa kumi na mbili, tulipiga kasia hadi kwenye vizimba tukakuta sato wote wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanahema. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, mazito, yanashika kasia. Kipimo cha hewa ya oksijeni majini kilisoma chini ya miligramu mbili kwa lita, na sato anataka walau nne ili ale na akue. Kufikia saa tatu walikuwa wamegeuza matumbo. Tulitoa samaki kwa beseni kutwa nzima, tukachimba shimo tukafukia. Mwenzetu mmoja alikuwa ameweka humo ada ya mtoto ya mwaka mzima. Alikaa kwenye jiwe, hakusema neno mpaka jioni.

Sikulaumu mtu siku ile na simlaumu leo. Ila nilijifunza jambo ambalo kila mfugaji analijua: maji yakipata joto, hewa inapungua, na mwani unapenda joto kama unavyopenda mbolea. Ghuba ya Mwanza ni ya kina kifupi, na tayari inapokea kila kinachoshushwa na Mto Mirongo kutoka mjini. Tukiiongezea maji ya moto yenye chumvi na dawa, usiku na mchana, tunajua nani atakuwa wa kwanza kuhema.

Wapo watakaosema mbona Toronto, Kanada, wanapoza majengo kwa maji ya ziwa na hakuna kilichoharibika. Toronto huvuta maji ya nyuzi nne tu kutoka mita 83 chini ya Ziwa Ontario. Ziwa letu kina chake cha wastani ni mita 40, na maji yake huzunguka nyuzi 25 mwaka mzima. Hatuna baridi ya kumuuzia mtu. Anayekuja na mchoro wa Toronto aupeleke Toronto.

Kinachonikosesha usingizi zaidi, Mheshimiwa, ni usiri. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, gazeti lilipouliza vituo vya Google vinatumia maji kiasi gani, halmashauri ya mji yenyewe ilienda mahakamani kuzuia takwimu zisitoke, eti ni siri ya biashara. Zilipotoka mwishoni mwa 2022, ikaonekana vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji mwaka 2021. Fikiria: viongozi waliochaguliwa na wanywaji wa maji yale ndio waliosimama mlangoni kuwazuia wasijue. Uruguay nako ilibidi mtu afungue kesi ndipo idadi ya lita itajwe.

Na angalia yaliyotokea baada ya kujulikana. Uruguay, Google ilibadili mchoro ikachagua kupoza kwa hewa. Chile, wakazi wa Cerrillos walipigania maji yao dhidi ya mradi mwingine wa Google uliokuwa uchukue lita 169 kwa sekunde, yaani zaidi ya madumu manane kila unapohesabu moja. Mwaka 2024 mahakama ya mazingira ikakitengua kibali chake kwa sehemu, na kampuni ikasema itaanza upya kwa kupoza kwa hewa. Kumbe njia nyingine ilikuwapo tangu mwanzo, ilisubiri watu waulize.

Hewa nayo ina gharama yake, kwa kuwa hula umeme zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, fahari yetu, lina megawati 2,115. Kituo cha megawati 1,000 kingekula karibu nusu yake. Ireland, nchi tajiri, vituo vya data vilimeza asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita mwaka 2023. Na Memphis, Marekani, kampuni ya xAI ilipoona umeme wa gridi hautoshi ilileta mitambo ya gesi karibu na mitaa ya watu weusi, na wakazi wakaanza kulalamikia hewa wanayoivuta. Sisi tunaokaa na jenereta tunajua moshi unaelekea upande gani.

Sipingi nchi kuhifadhi data zake nyumbani, wala vijana wetu kujifunza akili mnemba. Mwanangu anasoma kompyuta chuoni na ninamlipia kwa samaki hawa hawa. Lakini nisidanganywe kuhusu ajira: jengo likishakamilika, ghala la kompyuta huhitaji mafundi na walinzi wachache. Mwalo mmoja tu una wavuvi, waanika dagaa, wabeba ndoo, mafundi mitumbwi, mama lishe na wauza barafu.

Ninachoomba ni kwamba siku ofa itakapofika mezani kwako, usiipokee bila tarakimu nne zilizoandikwa na kutangazwa: lita kwa siku, chanzo chake, joto na dawa za maji yatakayotoka, na megawati. Hilo si jambo la hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kabla ya mradi, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ipo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ndiyo hutoa kibali cha kutumia maji na cha kuyamwaga, makao yake yako hapa hapa mjini. Na zile mita 60 kutoka ufukweni, ambamo shughuli ya kudumu imekatazwa na ambazo sisi wa mwaloni tunazijua kwa moyo, zimhusu na mwekezaji mwenye dola zake.

Mkutano wa wananchi ufanyike mwaloni, si hotelini. Taarifa isomwe kwa Kiswahili, na awepo wa kuwaeleza wazee kwa Kisukuma. Uitishwe siku za mbalamwezi, kwa sababu siku za giza wavuvi wa dagaa wako majini usiku, na mchana wamelala. Ukiitishwa giza, watakaohudhuria ni wasiovua. Mwaliko ubandikwe kwenye ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wiki mbili kabla, na tarakimu zile nne ziandikwe juu yake kwa herufi kubwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa samaki wa vizimba,
Ilemela, Mwanza