Mikopo na mafunzo ya vijana wa Mtwara yafuate kalenda ya korosho

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia mikorosho hapa Tandahimba mjini, na nimechoka kusikia kwamba vijana wa Mtwara hawana kazi, wanashinda vijiweni wakisubiri msimu. Maneno hayo yanasemwa mikutanoni, yanasemwa redioni, na mwezi uliopita nikayasikia tena kwa mgeni aliyekuja kutoa semina ya ajira. Alikuja Februari. Aliwakuta vijana wamekaa chini ya mwembe saa tano asubuhi, akaandika alichokiona. Hakuwauliza kama walikuwa wametoka palizi tangu alfajiri, wala hakuuliza Julai wanakuwa wapi.

Kwa wasomaji wa mbali, nieleze kwanza Julai tunafanya nini. Mkorosho unapoanza kuchanua, kuanzia mwezi wa sita hivi, ndipo ubwiri unga unapoingia. Ni ukungu unaopaka maua na majani machanga weupe, ua linakauka na korosho haifungi. Ugonjwa huu ulianza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mashamba mengi yalikuwa yameshatelekezwa baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nchi iliyovuna tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Kilichotuinua ni salfa, unga wa njano unaoua ukungu huo, pamoja na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele waliotufundisha kuitumia. Msimu wa 2017/18 tukavuka tani 300,000.

Lakini salfa haijipulizi. Inapulizwa na kijana aliyebeba mashine mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli, tangi la unga na bomba refu la plastiki analolielekeza juu kwenye matawi. Anaingia shambani saa kumi usiku, upepo ukiwa umetulia na umande uko kwenye majani ili unga ushike. Saa mbili asubuhi anarudi akiwa wa njano kuanzia kope mpaka kucha za miguu, macho yanamchoma. Kwa kipimo cha robo kilo kwa mti mkubwa, mfuko wa kilo 25 unaisha kwenye miti 100, naye analipwa kwa mti. Baada ya wiki mbili tatu anarudi kwenye miti ileile. Dawa za maji zipo, na zinafanya kazi, ila huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ya kunywa yenyewe tunanunua kwa ndoo. Nani atabeba madumu mpaka shambani?

Unga huohuo ndio adui wa mashine, na hapo ndipo ninapoingia mimi. Mtu anafika asubuhi, "Fundi, haiwaki." Sikimbilii kufungua injini. Natoa plagi, naigusisha kwenye chuma, navuta kamba nione kama moto upo. Ukiwapo, naenda kwenye chujio la hewa, na mara nyingi nakuta sponji imejaa salfa mpaka haipitishi kitu. Baada ya hapo nashusha kabureta. Kuna tundu la jeti dogo mno, chembe chache tu za unga zinalifunga. Fundi wa kubahatisha hulichokoa kwa waya. Mashine itawaka, mteja atafurahi, lakini tundu limeshapanuka na kuanzia siku hiyo petroli inaliwa bila hesabu. Mimi nalipuliza kwa pampu ya baiskeli.

Ikija imenoki, hiyo ni habari nyingine. Injini hizi hazina oili ya kumwaga chini, oili inachanganywa na petroli, na kwa mashine nyingi kipimo ni oili sehemu moja kwa petroli sehemu 25. Kijana ananunua petroli kwenye chupa ya maji kando ya barabara, anaambiwa "hii imeshachanganywa," anaamini, na kabla jua halijatoka pistoni imeshika. Ringi na pistoni zinaagizwa Mtwara mjini, zikikosekana huko zinaagizwa Dar es Salaam. Wakati zikiwa njiani ua linaendelea kukauka, na mwenye shamba ananipigia simu kana kwamba dereva wa basi ni mimi.

Ufundi huu nilifundishwa na mjomba wangu, kwa kuwa kwetu Wamakonde mpwa ni wa mjomba, hata kwa spana. Sina cheti. Nimesomesha watoto kwa kazi hii, nimejenga, na kila msimu nafundisha wengine. Hata hivyo, nikijitambulisha kwenye ofisi yoyote, naandikwa mkulima.

Nao wanaokula kutokana na mkorosho bila kuhesabiwa popote si mafundi peke yetu. Wapo wanaopogolea na kufyeka kabla ya maua. Wapo kina mama wanaookota kwa ujira wa kilo, vijana wa bodaboda wanaobeba magunia mpaka AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), karani wa mizani, makuli wa ghala kuu, wabanguaji wa majumbani ambao vidole vyao vimebabuliwa na mafuta ya ganda. Wapo wanaokausha mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Wakamuaji wa uraka, pombe ya mabibo, sitawazungumzia, wanajijua, na hawajawahi kukosa wateja.

Sasa nije kwenye mipango ya vijana, maana hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nina wanagenzi watatu karakanani. Wa kwanza alimaliza kidato cha nne, alama hazikumpeleka mbele. Juni mpaka Agosti yupo na mimi. Septemba anachukua pikipiki ya kaka yake anabeba korosho mpaka minada inakaribia kwisha. Mvua zikianza yuko kwenye mihogo na mbaazi za mama yake. Anataka kufungua duka la spea pale Mahuta, na ameshaniandikia kwenye daftari ni spea zipi zinatoka kwa wingi na mwezi gani. Sijui kama kuna mhitimu wa biashara aliyeandika hesabu safi kuliko ile.

Wa pili ni binti wa dada yangu. Ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote kwenye kabureta, ila mteja akimkuta yeye peke yake anasema atarudi fundi akiwepo. (Siku hizi nikiwa nimekaa hapohapo nawajibu kwamba fundi ni huyo.) Oktoba ikifika anakwenda kuwa karani wa muda wa chama cha msingi. Anaandika stakabadhi, anasoma mizani, na wakulima wanampenda kwa sababu anawasomea uzito kwa sauti. Mpango wake ni kusoma cheti cha ushirika Moshi. Ada anaiweka kidogokidogo kila msimu.

Wa tatu alisomea uchomeleaji, akitegemea ajira za gesi. Yale ya mwaka 2013, vurugu za kupinga bomba la gesi, sitayarudia hapa, kila mtu ana kumbukumbu zake. Bomba lilijengwa, gesi ya Mnazi Bay ikafika Dar es Salaam mwaka 2015, na kijana wangu akabaki na cheti chake. Wala simlaumu mtu. Mtambo wa gesi ukishakamilika hauhitaji watu wengi, unahitaji wachache waliosoma sana. Uchomeleaji wake haukupotea, ndiye anayetuungia fremu zilizokatika, na barabara ya lami ya kutoka Mnivata kwenda Newala hadi Masasi ilipoanza kujengwa alipata kibarua huko. Ila tuliwaambia watoto wa mkoa huu kwa miaka mingi kwamba kazi ya maana inatoka chini ya bahari, na mkorosho wa babu zao tukauita kitu cha kufanya ukikosa kazi.

Hawa watatu wana kazi, tena kila mmoja ana kazi tatu. Tatizo lao ni kwamba kila mpango wa kuwasaidia umetengenezwa kwa mtu anayelipwa tarehe 25 ya kila mwezi.

Nitoe mfano. Mwaka jana waliungana na wenzao kuomba mkopo wa kununulia mashine nne. Taasisi waliyoiendea siitaji jina. Waliomba mapema ili ifikapo Juni wawe na vitendea kazi. Fomu ilikuwa na nafasi moja ya kazi ya mwombaji. Walipoandika tatu wakaambiwa wachague, wakaandika "bodaboda" kwa kuwa ndiyo karani aliyoielewa. Pesa zikatoka Agosti, salfa imebaki mzunguko mmoja. Marejesho ya kwanza yakadaiwa Septemba. Sasa Septemba mpulizaji ana nini? Mkulima aliyempulizia hajauza hata kilo, na huku kwetu wengi hulipa mpulizaji baada ya mnada. Binti alimweleza afisa hivyo. Akajibiwa, "Mfumo haukubali." Kabla ya mnada wa kwanza mashine mbili zilikuwa zimeshauzwa kwa bei ya kutupa ili kulipa rejesho. Novemba wakulima walipoanza kulipwa, pesa ya kulipa mkopo wote ilipatikana, ila mashine zilikuwa zimekwenda.

Mfumo wa stakabadhi ghalani tunao tangu msimu wa 2007/08. Korosho inapimwa AMCOS, inakwenda ghala kuu, inauzwa kwa mnada, mkulima analipwa benki. Una lawama zake, nami ninazo zangu, lakini jambo moja umelifanya: kila mtu anajua pesa inaingia lini mkoani. Muuza vitenge anajua, fundi cherehani anajua, mwenye kuoza binti anajua na ndiyo maana ngoma zinapangwa baada ya hapo. Taasisi za mikopo peke yake ndizo hazijui, au zinajua zikaona si kazi yao.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024. Haina riba, na kwa hilo tunashukuru. Ombi langu kwa wanaoisimamia Mtwara na Lindi ni dogo: kwa vikundi vya kazi za korosho, pesa itoke kabla ya Mei kwisha na rejesho la kwanza liwe Novemba au Desemba. Kiasi kinaweza kubaki kilekile. Hata wakitaka kulipwa kwa mkupuo mmoja badala ya miezi kumi na miwili, vijana watakubali, maana ndivyo wao wenyewe wanavyopata.

La pili ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Upo utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anapimwa kwa kazi anayoijua, anafundishwa pale anapopungukiwa, anapewa cheti. Umewafaa waashi, mafundi magari, washonaji na wapishi. Mafundi wa mashine za kupulizia nao waingizwe. Cheti kikipatikana, chama cha msingi kinaweza kuingia mkataba na fundi kutengeneza mashine za wanachama kabla ya msimu, badala ya kila mkulima kukumbuka mashine yake Juni, imelala stoo na petroli ya mwaka jana ndani ya kabureta. Humohumo kwenye mafunzo wafundishwe wapulizaji kuvaa miwani na barakoa. Wengi wanajifunga kitambaa wakidhani kinatosha, na kwamba unga wa salfa unaweza kushika moto ukiukaribisha sigara ni jambo ambalo wengine wanalijua wakiwa wameshaungua.

Wapo wanaoniambia nisijisumbue, droni zinakuja, mashine za mgongoni zitakwisha. Labda. Kwa mkulima mwenye mikorosho arobaini nyuma ya nyumba, iliyopandwa na babu yake bila mistari na matawi yameingiliana, nina wasiwasi. Na hiyo droni nayo ikijaa salfa itahitaji mtu wa kuifungua. Afadhali awe kijana wa hapa aliyekwisha kushika bisibisi.

Nimeambiwa kikwazo cha kozi kama hiyo kitakuwa mkufunzi. Niko tayari kufundisha msimu wa kwanza bila malipo, kuanzia Aprili mpaka katikati ya Mei, hapahapa Tandahimba ili wanafunzi wasilipe chumba Mtwara mjini. Chuo kilete injini kuukuu za kufungulia. Za wateja siwezi kuwapa wanafunzi.

Fundi wa mashine za kupulizia,
Tandahimba, Mtwara