Wao wanataka bata usiku kucha, mimi nataka kuuona mji: nimwambieje rafiki yangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Lindi, nasoma shahada ya uzamili hapa Leuven, Ubelgiji. Nakuandikia kwa sababu rafiki zangu wanapanga safari nyingine ya wikiendi, mara hii Lisbon, na sijui niwajibu nini. Nawapenda. Ila safari yetu ya Berlin ya mwezi wa kumi imeniachia donge moyoni, na naogopa tukienda tena kwa utaratibu uleule nitakuja kutamka maneno ambayo hayarudi.

Kwanza ujue sisi ni nani. Tulikuwa wanne, tulikaa chumba kimoja hosteli ya Mabibo tukiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mmoja sasa ni muuguzi Hamburg, huyu nitamwita Nesi. Mwingine yuko Leeds kikazi, na wa nne yuko Dar. Baba yangu alipofariki tukiwa mwaka wa pili, Nesi ndiye aliyepita na bahasha chumba kwa chumba kunikusanyia rambirambi, akapanda basi na mimi mpaka Lindi, akalala mkekani na dada zangu matanga yote. Yeye kwao ni Moshi, kule hakuwa na mtu hata mmoja anayemjua. Kwa hiyo, Shangazi, ukinishauri niachane naye tu nitafute marafiki wengine, ushauri huo sitauweza.

Sasa Berlin. Kila mmoja alichanga euro 350, Nesi akashika mfuko. Tulikubaliana ni kwa ajili ya nyumba ya kupanga, usafiri, chakula na mengineyo. Hayo mengineyo ndiyo yaliyomeza kila kitu. Mimi situmii kilevi, na wanalijua hilo tangu Mabibo. Lakini viingilio vya kumbi, raundi za vinywaji, teksi za kuhama kiwanja kimoja kwenda kingine, vyote vilitoka kwenye mfuko ule ule. Jumapili mchana pesa ikawa imekwisha, tukaambiwa tuongeze euro 60 kila mtu. Naishi kwa posho ya ufadhili, Shangazi, euro 60 kwangu ni chakula cha zaidi ya wiki. Nilitoa. Nilipoomba tupitie hesabu, wa Leeds akasema, "Acha unoko, tuko mapumziko."

Nisieleweke kwamba nachukia starehe. Napenda kucheza muziki, na nilitaka kuuona usiku wa Berlin, maana unajulikana dunia nzima. Mji ule hauna saa ya kufunga. Kuna kumbi zinazofunguliwa Ijumaa usiku zikafungwa Jumatatu, na treni za chini ya ardhi usiku wa wikiendi hazilali. Ijumaa tulipanga foleni kwenye baridi, baunsa akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, basi. Hakuna sababu wala kubembeleza. Ndivyo walivyo kule, hasa mkija kundi. Tukahama, mpaka tukapata pa kuingia, na mlangoni wakatubandikia stika juu ya kamera za simu kwa sababu ndani hairuhusiwi kupiga picha. Muziki ni tekno, mdundo mmoja unaokuingia kifuani, na watu wanacheza kila mtu kivyake bila kutazamana. Nilifurahi kwa dhati. Nilichotarajia ni kwamba usiku mmoja ungetosha, kisha tuuone mji.

Jumamosi asubuhi wote walikuwa wamelala. Mimi niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba naenda makumbusho, anayeamka anifuate, nikatoka. Nilikuwa nimewaeleza mapema kwamba hilo ndilo jambo langu kuu la safari. Kwa bibi yangu ni upande wa Mipingo, jirani na kilima cha Tendaguru. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, na msimamizi wa mafundi alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa ile vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa hadi makumbusho hayo ya Berlin. Ilikuwa zaidi ya tani 200. Suala la kumrudisha mjusi mkubwa aliyeungwa kwa mifupa hiyo limefika hata bungeni kwetu. Mimi nilikua nikisikia habari zake, sijawahi kumwona.

Shangazi, yupo ukumbini pale unapoingia tu. Amesimama mita 13.27, ni mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani. Mfupa mmoja tu wa mkono wa mbele unanizidi kimo. Nilimpigia mama mdogo simu ya video ili bibi amwone. Bibi alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika, kisha akauliza, "Na waliombeba wameandikwa majina?" Nilizunguka ukumbi mzima nikisoma maelezo. Nililia, na sioni aibu kukuambia.

Niliporudi ilikuwa alasiri, wenzangu ndio kwanza wanakunywa kahawa. Nikaanza kuwasimulia. Nesi akacheka, akasema, "Yaani umetuacha ukaenda kuangalia mifupa?" Wa Leeds akadakia kwamba hawakuchanga hela kuja kutembezwa kama wanafunzi wa shule ya msingi. Nilinyamaza, nikachukua vikombe nikaenda kuviosha. Jioni wakasema nimewatenga, kwamba mliokuja pamoja mnatembea pamoja. Lakini kutembea pamoja kwa maana yao ni mimi kukesha nao. Wao kudamka na mimi hakumo.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Kuba la kioo juu ya jengo la bunge, Reichstag, kupanda ni bure ila lazima mjiandikishe kabla. Niliwaandikisha wote wiki kadhaa mbele, majina na tarehe za kuzaliwa, tukapewa saa tano asubuhi. Waliingia nyumbani alfajiri. Niligonga, nikapika mayai, nikagonga tena. Saa tano ikapita. Walipoamka ikawa mbio za sakafuni: tukaparamia basi namba 100, lile linalopita karibu na vivutio vingi kwa tiketi ya kawaida, tukashuka Lango la Brandenburg, selfi mbili, twende. Niliwaomba tutembee kidogo mpaka Wilhelmstrasse, kwenye kibao cha kumbukumbu ya ule mkutano wa 1884 na 1885 aliouongoza Bismarck, kansela wa Ujerumani, uliowawekea wakoloni kanuni za kugawana Afrika. Wakasema miguu inauma. Ukuta wa Berlin wenyewe, kile kipande cha mita 1,300 chenye michoro kando ya mto Spree, tumekifikia giza limeshaingia.

Hapo ndipo mwenzetu wa Dar aliponivuta pembeni. Alihangaikia viza miezi, nauli ya ndege ameilipa kwa mkopo wa kikoba, na simu yake haikuwa na picha za kumwonyesha mama yake, kwa sababu sehemu kubwa ya wikiendi tulikuwa mahali penye stika. Akaniambia, "Na mimi sikupenda, lakini nani atamwambia Nesi?" Maneno hayo yananirudia kila siku, maana safari ya Lisbon yeye hatakuwepo. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja. Nitabaki mimi peke yangu mbele ya wawili.

Nesi ameshatuma ujumbe: kabla ya Pasaka, mchango euro 400, uingie kwenye akaunti yake mwisho wa mwezi huu, "utaratibu uleule." Wa Leeds ameshalipa.

Nilichofikiria ni kupendekeza mifuko miwili. Mmoja wa nyumba, usafiri na chakula, tuchange sawa. Mwingine wa vinywaji na kumbi, wachange wanaokwenda. Na asubuhi kila mtu awe huru, tukutane chakula cha mchana bila mtu kununiwa. Kwenye karatasi naona ni haki tupu. Nikimfikiria Nesi akiusoma ujumbe huo, naona kama namdai hesabu mtu ambaye hakunihesabia alipokuwa analala kwetu chini. Dada yangu anasema nidanganye nina mitihani. Sitaki kumdanganya Nesi. Jirani yangu hapa bweni anasema niandike kwenye kundi, yaishe. Naogopa kundini itageuka kesi, na wa Leeds atakuwa shahidi na hakimu.

Kwa hiyo naomba unisaidie, Shangazi. Nimpigie Nesi peke yake kabla sijatoa hela, au nisubiri tuonane? Nianze na suala la pesa ambalo ni rahisi kulitaja, au nimwambie kwanza kile kinachoniuma zaidi, ile kauli ya mifupa? Hajui historia ile, naamini hakukusudia, lakini mimi sijaisahau. Na akikataa mifuko miwili, niende Lisbon kwa gharama zangu nikakae hosteli jirani nao, au hapo nitakuwa nimeuvunja urafiki kwa mikono yangu?

Mwisho wa mwezi hauko mbali. Nasubiri jibu lako.

Wako,
Binti wa Lindi, Leuven