Wahusika wabaya wasiwekwe kapu moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana juzi nimepitia notisi za binti yangu wa fomu 3 nikakuta ukurasa mzima umeandikwa "wahusika wabaya", majina yamepangwa chini kama wadaiwa wa dukani, hakuna hata mmoja mwenye sababu yake. Nikamuuliza binti ubaya wa Zakaria, mmoja wa hao, ni upi, akasema ndivyo tulivyoandikiwa. Imeniuma.

Zamani kwenye vibanda vya video ilikuwa stelingi na adui, kwisha. Kitabu sio hivyo jamani. Hasidi na Mwivu kwenye Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, majina yenyewe yameshasema, ndugu yao Adili kapata mchumba, wao wakamtosa baharini, mwisho wakageuzwa manyani. Wale ni wivu mtupu. Sasa Zakaria wa Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi ya 1971, ni baba yake Rosa, mlevi, anampiga Rosa kisa barua ya mvulana, na moyoni anaona anamlinda mtoto, kumbe kamfungia mpaka alipofika chuoni uhuru ukamzidi nguvu. Huyu unamwekaje na Mwivu? Mimi Zakaria ananitisha zaidi, kwa sababu kina Zakaria nimeishi nao nyumba za jirani.

Najua shuleni kuna wahusika bapa, wasiobadilika, na duara, wanaobadilika, sawa, lakini hiyo inakuambia mhusika anabadilika au habadiliki, haikuambii ubaya wake umetoka wapi. Na matendo peke yake hayatoshi, Sungura anaiba na kudanganya kila hadithi na watoto wanamshangilia, Fisi akiiba ni mlafi. Halafu kuna Shylock, yule mkopeshaji wa The Merchant of Venice (Mfanyabiashara wa Venisi) ya Shakespeare, anataka nyama ya mwili wa mtu, ukatili kabisa, ila alikuwa ametemewa mate na huyo huyo Antonio anayemdai. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ile mwaka 1969 aliita Mabepari wa Venisi, mabepari, wengi, na mimi naona hapo alikataa kumwachia mtu mmoja lawama zote.

Naomba walimu wawaulize watoto mambo mawili tu: huyu anataka nini, na je anajua kwamba anaumiza? Kuwapanga kuanzie hapo.

Binti nimemwambia ule ukurasa auanze upya. Kaanza na Zakaria, na mpaka jana usiku alikuwa bado yuko kwa Zakaria.

Mzazi,
Tanga