Taa haziwaki kwenye skrini? Angalia namba ya yunivasi

Mhariri,

Mafundi wengi wakiunganisha programu ya kuongozea taa za jukwaani na ile inayoonyesha jukwaa kwenye skrini, wakaona giza, huilaumu kompyuta. Inasikitisha, maana mara nyingi kosa ni namba moja tu.

Yunivasi ni kundi la chaneli, yaani njia za maagizo ya taa kama mwanga au rangi; moja hubeba chaneli 512. Maagizo hayo hupita kwenye mtandao kwa Art-Net au sACN: Art-Net huhesabu yunivasi kuanzia 0, sACN kuanzia 1, na baadhi ya programu huonyesha hata ya Art-Net kuanzia 1. Kwa hiyo yunivasi 1 upande huu inaweza kuwa 0 upande wa pili. Pandisha chaneli ya 1 peke yake. Ikiwaka taa isiyohusika, au isiwake kabisa, sogeza namba ya yunivasi kwa moja kabla ya kugusa kitu kingine.

Programu zote mbili zikiwa kwenye kompyuta moja, jaribu anwani ya mtandao 127.0.0.1. Zikiwa kwenye kompyuta mbili, tumia waya, si Wi-Fi: anwani 2.0.0.1 na 2.0.0.2, barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.0.0.0. Ukuta wa usalama wa kompyuta uruhusu mlango (port) wa UDP 6454 kwa Art-Net, 5568 kwa sACN.

Halafu modi, yaani mpangilio unaosema taa itumie chaneli ngapi. Taa ya chaneli 16 ikianzia anwani 1 (chaneli yake ya kwanza), inayofuata huanzia 17. Upande mmoja ukiwekwa modi ya chaneli 24, agizo la kugeuza kichwa cha taa huweza kuangukia kwenye rangi, na taa zinazofuata zikavurugika zote.

Fundi wa taa za jukwaani