Jino Halijaota, na Pesa ya Daktari Umelipa

"Nimepanda tuktuk toka Kisauni, nimelipa shilingi 500, na hukufanya kitu." Mama huyu ni wa tatu tangu Ramadhani kwisha, na maneno ni yaleyale. Mwanawe ana miezi 11, kinywa kitupu, na yule wa jirani wa miezi 7 ashaanza kumuuma mamake ziwani. Alitaka dawa ya kupaka, au sindano, au niipasue fizi jino lipate njia. Nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Akatoka amenuna, na huko mtaani nasikia nishakuwa daktari wa kula pesa za watu.

Haya, niseme hiyo 500 ilikwenda wapi. Tulikaa goti kwa goti, mimi na yeye, mtoto kalala katikati, kichwa mapajani pangu. Nikapitisha kidole juu ya fizi, mbele mpaka nyuma. Fizi iliyokaribia kutoa jino huwa pana, imetuna, na ukibonyeza wasikia kigumu chini. Nikauliza alizaliwa lini: wiki 6 kabla ya siku zake. Basi kwa hesabu ya meno huyu ni wa miezi 9 na nusu. Nikauliza na babake je? Akampigia simu mama mkwe, ikasikika sauti ikicheka: "Huyo babake alitembea hana jino!" Nikatazama utosi, nywele, kucha, miguu. Yote sawa. Fundi akiifungua injini ya tuktuk yako, akaikagua, akakwambia haina ubovu, utaondoka bila kumlipa?

Wengi huota jino la kwanza kwenye miezi 6 hivi, la chini mbele. Wapo wa miezi 4, na wapo wanaopita mwaka, wazima kabisa. Yakianza ya juu pia si mkosi. Habari za kigego, ati mtoto aliyeanza meno ya juu ni wa mkosi, tuwaachie wazee waliotutangulia. Akikaribia miaka 3 awe nayo yote 20.

Mimi hushtuka mtoto akifika mwaka na nusu hana hata moja. Mwaka juzi niliona wa miezi 19, wa ghorofa ya nne, hatolewi nje kwa kuogopewa jua na vumbi. Miguu ina matege. Jua lote hili la Mombasa na mtoto kakosa vitamini D, ile ipatikanayo juani, inayokuza mifupa na meno! Nilimwandikia barua aende kwa daktari wa watoto. Kinywani sikufanya lolote. Na 500 yangu nilichukua.

Kinachoniudhi ni wembe. Kuna nyanya mmoja, kwa mapenzi tu, alimchanja mjukuu fizi "jino litoke haraka". Walipomleta shavu limevimba, usaha, homa. Nikawapeleka hospitali usiku huohuo, akalazwa siku nne. Hesabu wenyewe hizo ni 500 ngapi. Fizi si mlango uliofungwa. Jino likiwa tayari hupanda lenyewe. Na chini ya hilo la utoto kuna chipukizi la jino la ukubwani, ambalo wembe haulioni. Wale wanaochokoa fizi za mtoto anayeharisha, ati wanatoa "meno ya nailoni" yanayomharisha, ndio wabaya zaidi: wanatoa machipukizi ya chonge, na kuharisha kuko palepale.

Jeli za ganzi zenye benzokeini nazo wacheni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2018 zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 2, kwani zaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mafuta ya karafuu huunguza fizi laini. Kitambaa safi kilichokaa kwenye friji, mtoto akitafune, chatosha. Na homa kali usiseme "ni meno tu"; mji huu una malaria, mpelekeni akapimwe.

Kisha lile jino lililongojewa kwa dua likitoka, latiwa chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, mtoto analala nayo mdomoni. Hayo ya juu mbele huanza na mstari mweupe karibu na fizi, kisha hudhurungi, kisha yavunjika. Akiota moja tu anza mswaki, asubuhi na usiku, dawa ya meno yenye floraidi kadiri ya punje ya mchele. Mabuyu mekundu yangoje.

Yule mama wa Kisauni, ukisoma hapa: nyuma ya kadi yako imeandikwa kwamba kurudi baada ya miezi mitatu, kama nilivyokwambia, hulipi. Uliitia mkobani bila kuigeuza. Njoo asubuhi, mtoto awe ameshapata usingizi wake na kushiba, na usisahau kitabu cha kliniki. Jumamosi twafunga saa nane.