Bei za michezo ya simu ziandikwe kwa shilingi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili niseme neno juu ya biashara ya michezo ya mtandaoni, ile ambayo watu huicheza pamoja na marafiki kwa simu, na hasa juu ya namna bei za vitu vinavyouzwa ndani yake zinavyofichwa. Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Ngamiani, Tanga, na kwa muda sasa nimekuwa nikiiona biashara hii ikipita dirishani kwangu mikononi mwa watoto.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, alikuja mtoto wa darasa la tano ninayemfahamu, akamwaga mezani shilingi 5,000, nyingi zikiwa sarafu, akaniomba niziweke kwenye namba aliyokuwa ameiandika nyuma ya daftari lake la Hisabati. Chini ya namba ile ya simu palikuwa na namba nyingine ndefu, ambayo alinieleza kuwa ndiyo namba yake ya mchezo, na kwamba mpokeaji wa fedha angeitumia kumwekea almasi, yaani fedha ya bandia inayotumika ndani ya mchezo. Nilimuuliza almasi ngapi, akanijibu papo hapo. Nilimuuliza almasi moja ni shilingi ngapi, akanyamaza na kutazama chini. Alitaka kumvalisha mhusika wake koti ambalo wenzake watatu walikwisha kuwa nalo. Niliziweka fedha zile, kwa kuwa kazi yangu ni hiyo na nyuma yake walikuwapo watu wanaosubiri. Jioni mama yake alikuja kuniuliza kama nilimwona mwanawe akiwa na hela ya tuisheni. Nilimweleza ukweli, na uso wake alipousikia haujanitoka mpaka leo.

Mtoto yule si mjinga. Anajua bei ya chapati, anajua bei ya bando la siku, na ukimtuma Soko la Mgandini anarudi na chenji kamili. Kilichomshinda ni duka lililojengwa ili mnunuzi asijue anatoa kiasi gani. Kati ya shilingi na koti imewekwa fedha nyingine, ndiyo hiyo almasi, ambayo huuzwa kwa mafungu yaliyopangwa hivi kwamba ukishanunua unachokitaka hubaki almasi chache zisizotosha kununua kitu kingine chochote, nawe unalazimika ama kuziacha ama kuongeza fungu jingine. Muuza nyanya akifanya hivyo sokoni, wanunuzi watamfukuza kabla ya adhuhuri.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo mapya yasiyoeleweka, na kwamba tungoje tuone. Siafikiani nao, kwa sababu upo mfano wa kujifunzia, na habari zake zinajulikana tangu mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Zynga ya San Francisco, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilitoa mchezo wa FarmVille ndani ya Facebook mwezi Juni 2009, na kabla ya mwaka kutimia mchezo huo ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Kuingia kulikuwa bure. Ulipewa kipande cha shamba, ukalima, ukapanda, kisha ukasubiri: mazao mengine yaliiva baada ya saa chache, na usiporudi kwa wakati yalinyauka. Asiyetaka kusubiri, au asiyetaka kuwasumbua marafiki zake kwa maombi ya misaada na zawadi, aliweza kulipa. Trekta la kuchorwa halimgharimu mtengenezaji chochote akiliuza kwa mara ya milioni, na kwa hiyo kazi kubwa ya wataalamu wake ikawa kupima ni mahali gani hasa mchezaji huchoka kusubiri, ili bei iwekwe hapo.

Fedha iliyopatikana ilikuwa nyingi mno. Mwaka 2011 takriban asilimia 12 ya mapato yote ya Facebook ilitokana na Zynga, na Facebook yenyewe ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya kila malipo yaliyofanywa ndani ya michezo hiyo. Desemba mwaka huo Zynga iliuza hisa kwa umma kwa dola 10 kila moja na kukusanya dola bilioni moja. Katika hati ilizowapa wanunuzi wa hisa, kampuni ilikiri wazi kwamba karibu mapato yake yote hutoka kwa sehemu ndogo tu ya wachezaji. Naomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo linalofafanua neno "bure". Wengi hucheza bila kulipa, nao ndio wanaoujaza uwanja na kuufanya upendeze, lakini mzigo wote huangukia wachache wasioweza kujizuia. Katika biashara hii watu hao huitwa nyangumi, na mimi sioni heshima yoyote katika kumwita hivyo mteja anayekulisha.

Zynga ilinunuliwa na Take-Two, kampuni nyingine ya michezo ya Marekani, mwaka 2022 kwa takriban dola bilioni 12.7. FarmVille ya kwanza ilikuwa imekwisha kufungwa tarehe 31 Desemba 2020, kwa kuwa programu ya Flash iliyouendesha mchezo huo ilifikia mwisho wake, na mashamba yote yakatoweka pamoja na kila kitu ambacho watu walikuwa wamekilipia kwa zaidi ya miaka 11.

Nchi nyingine hazikukaa kimya. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka Apple irudishe angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila idhini. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kwa kuliangalia tu: mzazi akishaweka neno la siri mara moja, mtoto alipata dakika 15 za kununua atakavyo bila kuulizwa tena. Dakika 15 tu, na fedha iliyopotea ndiyo hiyo. Mwezi Machi 2025 mamlaka za kulinda walaji za Umoja wa Ulaya zilitoa miongozo ya kutaka bei ya kitu chochote kinachouzwa kwa sarafu za mchezo ionyeshwe pia kwa fedha halisi, na walaji wasilazimishwe kununua sarafu wasizozihitaji.

Ombi langu ni kwamba Tume ya Ushindani na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) wakae pamoja na watutolee kanuni mbili za namna hiyo. Kwanza, mchezo wowote unaouzwa kwa Watanzania uonyeshe bei kwa shilingi, palepale pembeni ya koti au bunduki inayouzwa, kabla kidole hakijabonyeza. Pili, kila malipo, hata yawe ya shilingi mia tano, yaombe namba ya siri upya. Najua kampuni nyingi ziko mbali na hazina ofisi hapa, lakini fedha za wateja wao hupita katika mitandao yetu ya simu, ambayo ina leseni kutoka kwetu, na hapo ndipo mlango unapoweza kuwekewa mlinzi.

Sitaki nieleweke kuwa naichukia michezo. Kuitengeneza ni kazi ngumu inayohitaji wachoraji, waandishi wa programu, watunzi wa muziki na watu wa kulinda mitambo usiku na mchana, na wote hao wana haki ya kula jasho lao. Wapo vijana wa Afrika Mashariki wanaojaribu kuingia katika kazi hii, nami ningefurahi sana siku moja kumwona mtoto wa Ngamiani akilipia mchezo uliotengenezwa Dar es Salaam au Nairobi. Barazani kwetu bao huchezwa bure tangu alasiri hadi magharibi, na muuza kahawa hupata riziki yake hapohapo kwa wachezaji, ila kila mmoja anajua kikombe ni shilingi ngapi kabla hajakipokea. Mtengenezaji mwaminifu hatapungukiwa na kitu akiwekewa sharti hilo.

Kwa upande wangu, nimebandika karatasi dirishani inayosema kuwa simwekei mtoto fedha za mchezo mpaka aje na mzazi wake. Wiki ya kwanza watoto sita waligeuka wakarudi, na mmoja wao alirejea na baba yake, ambaye aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, almasi ni kitu gani.

Wakala wa fedha kwa simu,
Ngamiani, Tanga