Kabla ya kuchagua spika ndefu, tupe vipimo vya chumba chako

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote huanza hivi: "Nimepata chumba, nimekitenga kwa ajili ya muziki tu. Nataka spika ndefu za kusimama chini, kubwa kuliko zote mlizo nazo." Nasi hujibu kwa swali: chumba kina urefu gani, upana gani, na dari iko juu kiasi gani? Wapo wanaodhani tunawazungusha. Hatuwazungushi. Watu hununua spika ndefu kwa sababu ya besi, yaani sauti nzito za chini, na besi ndiyo sehemu ya muziki ambayo chumba huitawala kuliko spika yenyewe.

Chukua futikamba, pima urefu wa chumba kwa mita, kisha gawanya 172 kwa namba uliyopata. Jibu lake, kwa hezi (idadi ya mitetemo kwa sekunde), ndiyo sauti nzito ambayo kuta mbili zinazotazamana zitaikuza. Chumba cha mita 5 kitakupa hezi 34 hivi, cha mita 4 hezi 43. Sababu ni kwamba sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 34 lina urefu wa mita 10. Ndani ya mita 5 linaenea nusu yake barabara: linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake linalokuja, na yanapandana. Rudia hesabu hiyo kwa upana na kwa kimo cha dari. Namba tatu zikipishana vizuri, chumba hicho kitakuwa rafiki yako. Zikilingana, au moja ikiwa maradufu ya nyingine, jiandae kwa kazi.

Tulijifunza hilo kwa mteja aliyekuwa na chumba cha mita 3.5 kwa mita 3.5, mraba kamili. Wakati huo hatukuwa na desturi ya kuuliza vipimo. Alizisikiliza spika kwetu, kwenye ukumbi mpana, akazipenda, tukampelekea. Baada ya wiki akapiga simu: besi inavuma kama imefungiwa ndani ya pipa. Tulipofika tukaweka rekodi ya gitaa la besi pekee, linalopanda noti moja moja polepole. Noti ya chini kabisa ikapita salama. Iliyofuata pia. Tulipofika noti ya G, ile ya freti ya tatu kwenye waya mnene, kioo cha dirisha kikaanza kutetemeka na sauti ikajaa chumba kizima. Noti iliyofuata ikatulia tena. G hiyo ni hezi 49. Gawanya 172 kwa 3.5 utaona imetoka wapi, na kumbuka ukuta wa urefu na ukuta wa upana vyote vilikuwa vinaikuza kwa pamoja. Juu ya hayo, kochi lake lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma, mahali ambapo mrundikano wa besi ni mkubwa kuliko kwingine kote.

Tulilivuta kochi mbele kwa mita moja na zaidi kidogo, na hapo hapo ukaanza kusikia kidole kikigusa waya badala ya mvumo mtupu. Hata hivyo spika zenyewe zilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. Tulizirudisha tukampa ndogo zaidi za aina ile ile, zisizoshuka chini sana. Kosa lilikuwa letu, na tangu siku ile hatuuzi spika ndefu bila kuuliza vipimo.

Kwa hiyo ukituambia chumba chako kina eneo la mita za mraba 12 au pungufu, tutakushauri uchukue spika nyembamba yenye wufa (koni za besi) ndogo mbili, au hata ile ya kasha lililofungwa kabisa. Spika nyingi ndefu zina tundu la hewa la kusaidia besi, na zinafika chini kwa nguvu kabla ya kukatika ghafla. Kasha lililofungwa huanza kupungua mapema zaidi lakini taratibu, na chumba kidogo hujazia pale linapopungukia. Katika chumba kikubwa mambo hugeuka: pale spika yenye tundu, wufa pana na kasha zito ina nafasi ya kupumua.

Tundu likiwa nyuma, wengi hudhani shida pekee ni kuliziba kwa ukuta. Shida kubwa ni ukuta wenyewe. Besi hutoka pande zote za spika, pamoja na nyuma. Inagonga ukuta na kurudi mbele ikiwa imechelewa. Wufa ikiwa mita 1 kutoka ukutani, sauti ya hezi 86 hivi hurudi kinyume na ile inayotoka, zinafutana, na hapo muziki unakuwa na shimo. Ukisogeza spika, shimo linahamia kwingine. Ndiyo maana tunapofunga spika kwa mteja tunamaliza saa nzima tukizisogeza sentimita tano tano, huku mmoja wetu ameketi kwenye kiti akisikiliza. Hakuna waya wa spika wa bei yoyote utakaofanya kazi ya sentimita hizo.

Upande wa amplifaya, angalia namba mbili kwenye karatasi ya spika. Ya kwanza ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti, inazotoa ikipewa wati 1 nawe ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 25 hupiga kwa nguvu sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 100, maana kila desibeli 3 zinahitaji nguvu maradufu. Ya pili ni omu, yaani jinsi spika inavyokinza umeme wa amplifaya. Imeandikwa omu 8, sawa, lakini omu hubadilika kadiri noti zinavyopanda na kushuka, na zipo spika za "omu 8" zinazoanguka hadi omu 3 kwenye besi. Amplifaya dhaifu hupata joto na kuchoka hapo. Uliza kiwango chake cha chini kabisa ni kipi, na muuzaji akikosa jibu, mwombe akutafutie.

Umbali wa kukaa nao ni muhimu. Spika yenye twita (koni ndogo ya sauti nyembamba), koni ya kati na wufa zilizoachana kwa urefu inahitaji uketi mbali kidogo, mita 2.5 au zaidi, ili sauti hizo ziungane ziwe kitu kimoja. Ukikaa karibu utasikia mwimbaji juu na ngoma sakafuni. Pima pia kimo cha masikio yako ukiwa umeketi kwenye kiti utakachotumia, ulinganishe na kimo cha twita. Viwiane au vikaribiane.

Ukija kusikiliza, njoo na rekodi unayoijua kwa moyo, ikiwezekana ya sauti ya mtu isiyofunikwa na vyombo vingi. Tutalinganisha ukubwa wa sauti kwa kipimo kabla ya kubadilisha spika, kwa sababu inayopiga juu zaidi, hata kwa desibeli 1, sikio huiona nzuri zaidi. Tukisahau, tukumbushe, ni haki yako. Kaa na kila spika dakika 20 bila kuzungumza. Inayokuvutia kwa dakika mbili za kwanza kwa ukali wa twita ndiyo mara nyingi hukuchosha jioni nzima, na chumba ulichokitenga kwa muziki ni cha jioni nzima.

Misumari ya kusimamishia spika, zulia na mapazia tutayazungumza tukiwa kwako. Kwa sasa tunaomba mchoro tu, hata wa penseli kwenye karatasi ya daftari, wenye urefu, upana, kimo cha dari, madirisha, na mahali unapotaka kiti kiwe. Tuambie kuta ni za tofali au za mbao nyepesi, kwani ukuta mwepesi huachia besi ipite na wa tofali huirudisha. Na mlango kama unafunguka kwa ndani, uchore ukiwa wazi, maana mara nyingi pale unapozungukia ndipo spika ya upande huo ingepaswa kusimama.